Na Shangazi Dubai, Kutafuta Nyumba Soko Likiwa Limelala

"Usibebe begi kubwa," Shangazi aliniambia usiku wa kuamkia safari. "Tunakwenda kutazama nyumba, hatuendi kuhamia." Alfajiri, baada ya sala, akakaa mwenyewe kwenye usukani. Ana miaka sabini na ushei, lakini gari lake hampi mtu. Ilikuwa Novemba 2019, joto la Muscat limeshapungua, na mimi nilikuwa naelekea Dubai kwa mara ya kwanza. Mji huo nilikuwa nikiujua kwa bidhaa tu, kutoka kwa wafanyabiashara wa Darajani wanaorudi Unguja na masanduku yaliyofungwa kwa kamba.

Shangazi ni mzaliwa wa Unguja. Familia yake iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sultan Qaboos alipoingia madarakani 1970 na kuwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje, wao walikuwa miongoni mwa waliohamia Muscat. Kiswahili chake bado ni cha Mkunazini. Yeye na marehemu mumewe walikuwa na jengo la maduka Ruwi, mjini Muscat, akaliuza muda mfupi kabla bei ya mafuta haijaporomoka 2014. Tangu hapo pesa zake zilikaa benki zikisubiri kazi, na sasa aliona kazi imepatikana: mwanawe anaishi Dubai na familia yake katika nyumba ya kupanga.

Kutoka Muscat mpaka Dubai ni kilomita 450 hivi. Tulishika barabara kuu ya Batinah iliyokamilika 2018, bahari kulia kwetu isionekane, milima kushoto, mashamba ya mitende yakija na kupotea. Karibu na Sohar tulisimama kunywa chai ya maziwa, na hapo ndipo Shangazi alipoanza kunisomesha.

"Unajua kodi ya Dubai inalipwaje? Kwa hundi, unaziandika zote siku ya kuingia, kila moja na tarehe yake. Mwanangu alipopanga mara ya kwanza, 2013, mwenye nyumba alitaka hundi moja ya mwaka mzima. Hataki maneno. Mwaka huu mwenye nyumba mwingine amemwambia mwenyewe, ukitaka andika kumi na mbili." Akakunja vidole kwenye kikombe. "Mtu akikubali hundi kumi na mbili, ujue amekaa na nyumba tupu."

Alikuwa ameufuatilia mji ule kwa miaka. Dubai iliwafungulia wageni mlango wa kununua nyumba 2002, sheria yake ikaja 2006, na bei zikapanda mpaka msukosuko wa fedha wa 2008 ukaziangusha. Zikainuka tena, zikafika kileleni 2014, kisha mafuta yakashuka bei na nyumba zikafuata polepole. Ada ya kuhamisha umiliki ilikuwa imeshaongezwa 2013 kutoka asilimia 2 hadi 4, na mwaka huohuo benki kuu ikabana mikopo: mgeni anayenunua nyumba ya zaidi ya dirhamu milioni 5 asikopeshwe zaidi ya asilimia 65 ya thamani. Wajenzi hata hivyo hawakuacha kujenga, kwa matumaini ya maonesho makubwa ya Expo yaliyopangwa kufunguliwa Oktoba 2020. Septemba 2019 serikali ya Dubai ikaunda kamati ya juu ya kusawazisha idadi ya nyumba na mahitaji. Serikali ikishaunda kamati, Shangazi alisema, basi nyumba zimejaa.

Mpakani upande wa Hatta yeye alipita kwa kitambulisho chake, mimi nikabaki dirishani na pasi ya Tanzania na karatasi ya viza. Baada ya milima ukaja mchanga mwekundu, kisha nguzo za umeme, kisha maghala, na mwisho ncha ya Burj Khalifa ikachomoza mbali kabla mji wenyewe haujaonekana.

Asubuhi yake tulipokewa na dalali, kijana wa Kisauni, Mombasa, mwenye suti ya kijivu na kadi ya usajili ikining'inia shingoni. Alimwinamia Shangazi, "Asalaam aleikum, Mama," na garini akatueleza maisha yake bila kuulizwa sana. Hana mshahara. Anakula kamisheni: asilimia 2 ya bei, anailipa mnunuzi, pamoja na kodi ya asilimia 5 juu yake. Soko likichangamka, wenziwe hubadilisha magari. Mwaka ule wengi walikuwa wamesharudi makwao.

Alitupeleka kwanza kwenye ukumbi wa mauzo wa mjenzi mmoja mkubwa. Hapo nilielewa kwa nini watu hutia saini. Mlango unafunguka wenyewe, ubaridi unakupokea, harufu ya udi, kahawa ya Kiarabu na tende. Katikati ya ukumbi kuna mji mzima chini ya kioo: majumba madogo yenye taa ndani, miti ya plastiki, ziwa la rangi ya buluu. Ukigusa kitufe, jumba unalolitaka linawaka peke yake. Lenyewe bado lilikuwa mchanga.

Muuzaji, mwanamke kijana mwenye Kiingereza laini, hakutaja bei mpaka kikombe cha pili. Dirhamu milioni 10. Kisha zikaanza zawadi. Ada ya asilimia 4 ya Idara ya Ardhi italipwa na mjenzi. Ada ya huduma za mtaa, ulinzi, bustani na taa za barabarani, imesamehewa miaka mitatu. Asilimia 40 utalipa kidogokidogo nyumba ikijengwa, na 60 iliyobaki utaimaliza ukiwa umeshakabidhiwa funguo. Juu ya yote, mwekezaji wa milioni 5 na kuendelea ataweza kuomba viza ya ukaazi ya miaka mitano.

"Hiyo viza mpe mtu mwingine," Shangazi alisema kwa Kiarabu, kwa upole. Mwomani haihitaji viza ya kuishi pale. Isitoshe, raia wa nchi za Ghuba anaruhusiwa kununua popote Dubai, na mgeni wa mbali hupangiwa maeneo maalumu.

Akatoa kalamu. Nilimtazama akiandika nyuma ya karatasi ya matangazo, tarakimu kubwa za mtu aliyezoea daftari la duka. Asilimia 4 ya milioni 10, laki nne. Ada ya huduma miaka mitatu, kwa elfu sitini kila mwaka, laki moja na themanini. Akamgeukia kijana wetu na kumuuliza kwa Kiswahili, ili iwe siri yetu: "Na wewe wanakulipa ngapi ukinileta hapa?" Kijana akasita. Kwa nyumba za karatasini, alisema, kamisheni hutoa mjenzi, mnunuzi halipi kitu, na hawa siku hizi wanatoa asilimia 5. Laki tano nyingine. Shangazi akajumlisha: milioni moja na elfu themanini. Na hapo hakuhesabu faida ya kulipa kwa kuchelewa.

"Basi nyumba hii ni milioni 9 kasoro," alisema. "Mwambie aondoe zawadi zote, nami nampa milioni 9 taslimu."

Yule mwanamke alitabasamu, akaenda chumba cha nyuma, akarudi na jibu tulilolitarajia. Haiwezekani. Anaweza kuongeza mwaka mmoja wa ada ya huduma, anaweza kuweka jiko la Kijerumani, lakini bei haiguswi.

Kijana alitufafanulia tulipokuwa tukitoka. Kila mauzo ya Dubai huandikwa Idara ya Ardhi, na bei iliyoandikwa huonekana na benki, mthamini na mnunuzi anayefuata. Mjenzi akiandika milioni 9 kwa jumba moja, majumba mia yaliyobaki yameshuka siku hiyohiyo, na walionunua kwa 10 watakuja kupiga kelele mlangoni. Zawadi haziingii kwenye daftari la serikali. Kwa hiyo bei husimama palepale imenyooka, na kila kilicho pembeni yake ndicho kinachoshuka: ada, muda wa kulipa, kamisheni ya dalali, fanicha. Wapo wajenzi ambao miaka ya nyuma walitoa hata magari ya kifahari. Anayesoma bei peke yake atasema soko halijambo.

Mchana tulikwenda Emirates Hills, kwenye majumba yanayotazamana na uwanja wa gofu. Mwenye nyumba alitupokea mwenyewe, mzee mwenye kanzu nyeupe na kahawa ya iliki. Ngazi za marumaru, taa ya kioo yenye ukubwa wa mtumbwi, mabomba ya dhahabu. Alitaja bei, na kijana akaninong'oneza kwamba ndiyo bei aliyokuwa akiitaja 2014. Hana deni benki, watoto wake wako London, nyumba haimli wala haimnyimi usingizi. Shangazi alimaliza kahawa yake, akasifu ngazi, akaaga. Garini akasema, "Yule hauzi. Yule anapima upepo."

Hapo ndipo alipompa kijana masharti mapya. Asimpeleke tena kwenye nyumba yoyote kabla hajamweleza habari za mwenyewe: yuko wapi, ana mkopo au hana, na kwa nini anauza. Kijana alijaribu kurudi kwenye vyumba na mandhari. Shangazi akamkatiza. "Vyumba nitavihesabu mwenyewe, mwanangu. Wewe nihesabie shida zake."

Usiku ule, nyumbani kwa binamu yangu, tulipitia matangazo kwenye simu mpaka macho yakauma. Jumba moja lilikuwa na madalali watano na bei tano, picha zilezile zikiwa zimepigwa magharibi, taa zote zimewashwa, kwa lenzi inayofanya sebule ionekane kama ukumbi wa harusi. Tangazo lililo halali huwa na namba ya kibali cha Idara ya Ardhi, na kijana alikuwa ametufundisha tuitafute kwanza. Kuna jumba lililotangazwa kwa bei ya kushangaza. Binamu akapiga, akaambiwa limeuzwa jana, ila yako mengine. Alipiga tena kesho yake kwa namba nyingine. Limeuzwa jana.

Nyumba iliyotufaa ilikuwa Palm Jumeirah. Kisiwa hicho kilianza kujengwa 2001 kwa mchanga uliochotwa chini ya bahari na kunyunyizwa mpaka ukafanya umbo la mtende: shina, majani, na mwezi mwandamo wa kuukinga na mawimbi. Ukiwa juu yake umbo hulioni. Unaona barabara nyembamba yenye mageti, majumba yamebanana bega kwa bega kuliko nilivyodhania, na katikati ya jani na jani maji yaliyotulia. Kwa mbali, upinde wa hoteli ya Atlantis.

Jumba lilikuwa na vyumba vinne, bwawa dogo na ufukwe wake. Bei iliyotangazwa, dirhamu milioni 11.5. Mwenyewe, kijana alisema, ni mfanyabiashara aliyekwisha kuhamia nchi nyingine. Ana mkopo wa benki, na kipindi cha riba nafuu kimemalizika mwaka ule. Analipa rejesho huku na kodi kule.

Tulipofungua mlango udi ulitupiga puani, mwingi mno kwa nyumba isiyo na mtu. Shangazi hakusema kitu. Alivua viatu, akapita sebuleni bila kuitazama bahari, akaenda moja kwa moja jikoni. Alifungua kabati la chini ya sinki, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye ubao wa nyuma. Ulikuwa umevimba. Akafungua mifereji yote ya nyumba, mmoja baada ya mwingine. Maji ya chooni juu yalitoka na rangi ya chai kwanza, kisha yakasafika. Chumbani akaniomba nisogeze kabati kubwa la nguo. Nyuma yake ukuta ulikuwa na madoa ya kijivu ya ukungu, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti.

"Kiyoyozi kimezimwa kiangazi kizima," alisema. "Pwani hii, ukizima kiyoyozi nyumba inaoza kwa ndani."

Kijana akaleta maelezo, kwamba pengine ni tundu tu la paa. Shangazi akaomba bili ya DEWA, mamlaka ya umeme na maji. Ilichukua simu mbili tatu kuipata. Ilipofika kwenye simu ya kijana, alivaa miwani na kusoma taratibu. Tangu Aprili maji yaliyotumika yalikuwa karibu na sifuri. Nyumba ilikuwa imekaa miezi saba bila mpangaji, na mwenyewe alikuwa ameamua kuokoa hata pesa ya umeme. Picha zote za tangazo zenye taa na mito ya hariri zilifutika kwa ile bili moja.

Akatoa milioni 8.5 taslimu, na mashine ya kiyoyozi ya juu ya dari ibadilishwe kwa gharama ya muuzaji. Kijana alimeza mate. Alimwambia Shangazi kwamba mwenyewe atakasirika. "Akikasirika si atapiga simu?" Shangazi akajibu. "Mpelekee."

Alipiga usiku uleule. Milioni 10.8. Shangazi hakupanda, alituma salamu na kusema keshokutwa anarudi Muscat. Kilichofuata kilikuwa kazi ya kijana, naye aliifanya vizuri. Alimkumbusha mwenye nyumba kwamba mnunuzi wa kabla yetu alikuwa wa mkopo: wakapatana bei, mthamini wa benki akaja na thamani ndogo kuliko waliyopatana, benki ikakataa kujaza pengo, wiki sita zikapotea. Huyu bibi ana pesa mkononi. Hana benki ya kumsubiri. Kwa kijana mwenyewe, tofauti ya milioni moja ilikuwa elfu ishirini za kamisheni. Nyumba isipouzwa, hapati hata elfu mbili. Nilimsikiliza akizungumza na simu kwenye roshani, na niliona wazi kwamba soko likilala dalali huacha kuitetea bei, huutetea mkataba.

Wakakutana kwenye milioni 9.2, kiyoyozi kipya ndani yake. Mkataba ukaandikwa kwenye fomu ya Idara ya Ardhi, Shangazi akatoa hundi ya asilimia 10 ya amana ikawekwa ofisini kwa dalali, na tukarudi Muscat tukisubiri cheti cha mjenzi wa kisiwa kwamba nyumba haidaiwi ada ya huduma. Ilikuwa inadaiwa. Mwenyewe akalipa.

Siku ya kuhamisha umiliki sikutegemea ingekuwa kavu vile. Ofisi ndogo ya wakala aliyeidhinishwa na Idara ya Ardhi, viti vya kijivu, mashine ya namba za foleni. Hundi za benki zikapangwa mezani: ya kwanza ya benki iliyokuwa ikimdai muuzaji, ya pili ya muuzaji, kisha ada ya asilimia 4, laki tatu na elfu sitini na nane, ambayo kwa mazoea ya Dubai hubebwa na mnunuzi. Muuzaji aliwakilishwa na wakili. Karani akasoma, akagonga muhuri, akachapa hati. Shangazi alisoma jina lake mara mbili, akaikunja hati ndani ya bahasha na kuuliza choo kiko wapi.

Miezi michache baadaye korona ikafunga viwanja vya ndege na bei za Dubai zikateremka tena. Binamu alimwambia mamaye kwamba wangevuta subira kidogo wangepata kwa milioni 8. Shangazi alimuuliza kama paa linavuja. Halivuji? Basi. Kuanzia 2021 upepo ukageuka, matajiri kutoka kila upande wakaukimbilia mji uliofungua milango mapema, na majumba ya Palm yakawa ndiyo yanayotafutwa kuliko yote, kwa sababu ufukwe hauongezeki kwa urahisi kama ghorofa.

Niliwahi kumuuliza Shangazi kama alibahatisha. Alisema kubahatisha ni kwa anayedhani anaijua kesho, na yeye hakuijua. "Pesa nilikuwa nayo, haraka sikuwa nayo. Wenye moja kati ya hizo ni wengi."

Mwaka 2022 kijana wa Kisauni alimpigia. Alikuwa na mnunuzi wa taslimu, tayari kutoa bei iliyopita mbali sana ile ya milioni 11.5 iliyokuwa kwenye tangazo la zamani. Shangazi alimuuliza hali yake, na ya mama yake Mombasa, akampongeza kwa gari jipya aliloambiwa amenunua, kisha akamwambia kwamba nyumba ina watu na haina bei. Kijana akacheka sana. Wiki ile nzima, alisema, kila mlango aliougonga kwenye jani lile alijibiwa hivyohivyo.